Mgeni Aliyetafutiwa Mji

Sipendi kutumiwa picha za mbwa kwenye simu. Wenzangu kazini wanalijua hilo, wanadhani ni mambo ya dini, nami huwaacha wadhani. Juzi mmoja wao akasahau, akatuma moja kwenye kundi letu: mbwa mwekundu mwenye masikio marefu yaliyolegea, amekaa barazani kwa mtu, na chini yake maneno kwamba ameokolewa, yuko kwa mlezi wa muda, anatafutiwa watu wa kumchukua moja kwa moja. Nilikuwa nakunywa chai. Nilikiweka kikombe, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya tangi la maji mpaka macho yakakauka. Mtu mzima na watoto wangu, nalia kazini kwa sababu ya masikio ya mbwa.

Lakini masikio yale nayajua. Ndani ya masikio kama yale niliwahi kunong'ona mambo ambayo sijamwambia mtu mpaka leo.

Tulikuwa tukiishi Gitting, chini ya mlima Hanang, mimi na Mama, kwenye nyumba ya serikali nyuma ya zahanati. Mama ni mtu wa Tanga, na alipopangiwa unesi Gitting alikwenda nami nikiwa bado wa kubebwa. Sidhani kama amewahi kuisamehe baridi ya huko. Asubuhi ukungu ulishuka mlimani ukajaa uani hata choo hakionekani, na Mama alikwenda kazini amevaa sweta mbili, khanga juu yake, na juu ya khanga blanketi, wagonjwa wakimcheka kwa heshima. Yeye alisema Kiswahili kirefu cha kwao, chenye mapambo. Majirani walimjibu kwa Kiswahili kifupi cha watu wenye lugha nyingine nyumbani. Walielewana vizuri tu. Aliyepotea katikati ya Viswahili hivyo viwili ni mimi.

Mbwa aliletwa na bwana mifugo, yaani afisa mifugo wa kata, mtu wa kijiji cha Daudi kule Mbulu, mrefu, mwenye tabia ya kukohoa kila anapotaka kuomba jambo. Alikuja kwa pikipiki kwenye manyunyu, nyuma amefunga gunia la mbolea, na mdomoni mwa gunia kimechomoza kichwa chekundu kilicholowa.

“Habari za kazi, nesi. Nimekuletea mgonjwa.”

“Mgonjwa wako au wangu?” Mama akauliza.

Bwana mifugo akakohoa. Akaeleza kwamba kule chini kwenye mashamba ya ngano kulikuwa na mzungu fundi wa mitambo, kazi yake ilikwisha akarudi kwao, mbwa akamwachia mlinzi. Mlinzi naye msimu wa kulima ulipofika akaenda kwao. Mbwa akabaki amefungwa kwenye nguzo kwa waya. Wachunga ng'ombe ndio waliomsikia analia. Kufikia siku bwana mifugo anaukata ule waya, ulikuwa umeshaingia kwenye nyama ya shingo.

“Chumba nilichopanga, mwenye nyumba hataki mbwa. Wewe una uzio, na una banda la kuku lisilo na kuku. Ni kwa muda tu, nesi, mpaka nimtafutie mji.”

“Mbwa? Kwangu mie?” Mama akashika kiuno. “Mtu wa udhu kama mimi! Nyumba yenye mbwa malaika hawaingii, bwana mifugo.”

“Basi mweke bandani. Malaika si wanapita mlangoni?”

Mama alitaka kukasirika, akacheka, na mtu akishacheka mzigo unakuwa wake. Alivaa glavu, akamsafisha shingo, akampaka ile dawa ya zambarau, akamwambia atulie kama anavyowaambia watoto wa chanjo. Mbwa akatulia. Kisha Mama akaenda nyuma ya nyumba kujiosha mikono kwa udongo na maji, kwa muda mrefu, kama alivyofundishwa madrasa kwao Tanga akiwa mdogo.

Jina la kizungu la mbwa hatukulijua, kwa hiyo Mama alimwita Mgeni. Alisema ni ili sote tukumbuke, yeye na sisi, kwamba hapa anapita. Mama Paulina, jirani yetu mwenye shamba la mahindi na maharage upande wa pili wa uzio, alilipenda sana jina hilo. Kila asubuhi alichungulia.

“Nesi! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hii mbwa yako imeshapewa jembe?”

“Jembe lake kula!” Mama alijibu.

Na kweli alikula. Mbavu zilifunikwa, nywele zikaota na kung'aa, ndefu za miguuni na mkiani, nyekundu kama chai ya rangi iliyokolea. Alikuwa mzuri kuliko mbwa yeyote niliyewahi kumwona, na mpumbavu pia. Hakubweka. Kuku wa Mama Paulina walimnyang'anya ugali sahanini naye akawatazama. Tena alikuwa na ugonjwa ulionitia wasiwasi: alikuwa akitembea vizuri tu uani, ghafla anasimama kama amegandishwa, mkia umenyooka, mguu mmoja wa mbele ameuinua juu. Nilikimbia kumwita Mama. Mama alivaa glavu, akaukagua ule mguu kidole kwa kidole, hakukuta mwiba. Siku nyingine ni vilevile. Mimi nikaamua mguu unamuuma ndani, mahali dawa haifiki, nikawa naukandakanda kwa maji ya moto kwenye kikopo.

Bwana mifugo alipopita kumtazama, akacheka mpaka akashika uzio. “Binti, huyu haumwi. Hawa ni mbwa wa kuwindia ndege. Akinusa kwale kwenye majani anasimama hivyo, anamwonyesha tajiri wake: ndege yuko pale. Habweki, hakimbii. Kazi yake ni kuonyesha na kungoja.” Nilimsikiliza kwa adabu. Sikumwamini, nikaendelea na maji yangu ya moto.

Jambo nililoliamini ni lile la mji. “Namtafutia mji,” alisema kila alipokuja. Kwa watu wa Mbulu na Hanang, mji ni kwa mtu: nyumba yake, mke, watoto, zizi, moto wa jikoni. Mtu akikuuliza mji wako uko wapi, anauliza unakaa wapi na nani wako. Hilo sikulijua. Mimi mtoto wa Mama nilijua mji mmoja tu, ule wenye taa na magari, na nilimjua mtu mmoja aliyekuwa huko. Kila nilipomuuliza Mama baba yangu yuko wapi, alinijibu, “Baba yuko mjini, ana kazi nyingi.”

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Mgeni atapelekwa mjini. Baba yuko mjini. Watakutana.

Nikaanza kumpa ujumbe. Mama akiwa kazini nilikaa bandani kwenye majani makavu, nikaliinua sikio moja, zito, lenye joto, na harufu ya nywele mbichi iliyochanganyika na ile dawa ya zambarau, nikanong'ona. Mwambie Baba najua kusoma. Mwambie sweta ya Mama imetoboka kiwiko. Mwambie simkumbuki sura lakini nitamjua tu, aje. Nilimweleza na njia ya kurudi, kwamba akifika zahanati asiende kwa Mama Paulina kwa makosa. Mgeni alisikiliza bila kutikisika. Niliumia kwamba ataondoka, niliumia vibaya sana, lakini nilikuwa na sababu ya kuvumilia. Sijui kama kuna mtoto aliyewahi kumpenda mbwa na kumtuma kwa wakati mmoja kama nilivyofanya mimi.

Watu walikuja kumtazama. Mwenye duka alitaka mbwa wa kukamata wezi, Mgeni akamlamba vidole na kulala chali. Mwalimu mmoja alimpenda, mke wake akamwambia achague. Kila mtu akiondoka mikono mitupu, Mama alisema “Basi tena, riziki yake bado,” na sauti yake haikuwa ya mtu aliyesikitika. Alikuwa ameanza kumpikia dagaa wake mwenyewe kwenye sufuria iliyovunjika mpini. Alipoanua nguo, Mgeni alimfuata nyuma urefu wa kamba nzima, na Mama alimsimulia habari za wagonjwa. Siku moja nilimwona amemgusa kichwani bila glavu. Alishtuka mwenyewe, akaenda kwenye udongo na maji, lakini kesho yake akamgusa tena.

Ndipo akaja mzee Bura wa kijiji cha Gendabi. Alikuja na bwana mifugo, mzee mwenye koti kubwa na fimbo, mpole, mwenye ng'ombe na wajukuu. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba huku ameniwekea mkono kichwani. Alimtazama Mgeni muda mrefu akasema mbwa huyu ana macho ya mtu. Walikaa kwenye benchi, Mama akawaletea chai ya maziwa. Kumtuma ni jambo moja, kumwona mtu amekuja na kamba ni jambo lingine. Nikasahau hata ujumbe wangu kwa Baba.

“Kwa nini asibaki hapa tu?” nikauliza.

Mama hakunikemea kwa kuingilia maongezi ya wakubwa. Alisimama, birika mkononi, akamtazama bwana mifugo kana kwamba swali ni lake.

Bwana mifugo akakohoa. “Hapa si mji, binti. Hapa ni nyumba ya serikali. Kesho mama yako akihamishwa? Halafu nyinyi ni wawili tu, hakuna mzee wa nyumba, hakuna zizi. Mbwa anataka mji.”

Hakusema kwa ubaya. Huyo mtu hakuwa na ubaya. Nami nikacheka, kwa kuwa hatimaye mtu mzima alikuwa amesema kitu ninachokijua, nikadakia kwa sauti kubwa, “Ndiyo, hapa si mji! Hapa ni kijijini tu, mimi na Mama!”

Mama akaliweka birika chini, akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kutazama maharage. Alipotoka alikuwa amenawa uso, akasema, “Haya mzee, mchukue. Bora apate kwao.”

Mzee Bura alimfunga kamba laini, akaikagua shingo kwanza pale penye kovu. Mgeni alikwenda naye mpaka getini, akageuka akakaa chini akitutazama. Mama akamwambia, “Nenda, baba, nenda,” akimfukuza kwa mkono kama mtu anayefukuza kuku. Mimi nilipiga kelele, “Usisahau niliyokwambia!” Alibebwa kwenye pikapu ya watu wa mnada wa mifugo. Nilikaa getini, nikilia na kungoja majibu kwa pamoja.

Majibu hayakuja. Uani kukawa kukubwa mno. Mama alipoanua nguo alisimama katikati ya kamba na kugeuka nyuma, halafu akaendelea. Jioni moja nilimkuta amemwaga dagaa wale kwenye sahani ya bandani, amesimama anaitazama sahani. Mama Paulina alikuwa upande wa pili wa uzio anachuma mboga.

“Mama Paulina,” Mama akamwita, “hivi kwenu nyinyi, mji ni nini hasa?”

Mama Paulina akainuka, akajishika mgongo. “Mji? Mji ni moshi ukitoka jikoni. Kwani wewe kwako hautoki?”

“Unatoka.”

“Basi. Nani amekwambia huna mji?”

Niliona uso wa Mama umebadilika, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Mimi nilikubaliana nao. Mjini kuna moshi, nilishasikia. Nilichokishika ni maneno ya Mama yaliyofuata: “Siku ya mnada tunakwenda Gendabi. Namfuata mbwa wangu.” Hakusema Mgeni. Alisema mbwa wangu.

Siku ya mnada nilivaa gauni la Iddi. Mama aliuliza gauni la Iddi la nini kwenye vumbi, nikasema naenda mjini, akacheka akaniacha. Njiani, ndani ya pikapu, katikati ya mbuzi na magunia, nilikuwa nimeshika pindo la gauni lisichafuke, nikifanya mazoezi ya kusema shikamoo Baba kimoyomoyo. Mama naye alikuwa akifanya mazoezi yake, midomo inacheza. Baadaye sana nilikuja kujua alikuwa akijiandaa kusema nini: mzee wangu, na mimi nina mji, nirudishie mbwa.

Tulishushwa kwenye njia ya ng'ombe, tukatembea tukafika kwenye ua wa miiba, nyumba za udongo, zizi, ndama wamefungwa, wajukuu wanatuchungulia. Mke wa mzee Bura alitoka akijifuta mikono, mama mnene mwenye kicheko.

Nikamwamkia shikamoo. Halafu nikatazama huku na huku nikamuuliza, “Bibi, mji uko wapi?”

Akacheka kwa furaha ya mtu aliyesifiwa. “Mji ndio huu! Karibuni mjini, karibuni sana.”

Sikuelewa bado. Niliona tu kwamba Mama anamtazama mzee Bura, ambaye alikuwa ametoka zizini na kuvua kofia alipotuona. Wazee hawavui kofia kwa ajili ya nesi na mtoto.

“Nesi,” akasema. “Nilikuwa naona aibu kuja.”

Alituketisha kwanza. Alisema Mgeni alilala na mbwa wengine penye lango la zizi, na mbwa wale walimkubali. Alfajiri moja fisi walikuja. Mbwa wa kwetu, alisema, wanajua fisi: wanabweka, wanarudi nyuma, wanabweka tena mpaka watu watoke na mienge. Siku hiyo walibweka. Yeye alitoka mbio na mkuki, akamwona Mgeni peke yake mbele ya wenzake, hajabweka, hajakimbia, amesimama kimya ameinua mguu, amenyoosha mkia, anawaelekea wale fisi.

“Alikuwa ananionyesha,” mzee akasema. “Sasa hivi nimeelewa, bwana mifugo ameniambia. Alikuwa ananionyesha, ananingoja mimi. Nilikimbia kumfikia, nesi. Nina miguu ya mzee.”

Mzee akafuta uso kwa kofia. “Nilimzika kule juu, penye mawe. Huku kwetu mbwa hazikwi, wenzangu walinicheka. Nilimzika.”

Mama alitazama mikono yake. Maneno aliyoyafanyia mazoezi yote yalikuwa hayana pa kwenda. Nadhani ndiyo maana alijibu alivyojibu, pale mama mwenye nyumba, akitafuta la kusema ili kimya kile kiishe, aliponiangalia mimi na gauni langu akauliza kwa upole, “Na baba wa huyu mtoto, nesi? Hamkuja naye?”

Siku zote watu wakiuliza hilo Mama alisema yuko mjini. Lakini alikuwa amechoka, na kwa mara ya kwanza alisema kwa Kiswahili cha huko, akiongea na mtu wa huko.

“Baba yake ana mji mwingine,” Mama akasema.

Mama mwenye nyumba akasema “Ahaa,” polepole, akatikisa kichwa. Nami nikautazama mji: zizi, moshi unatoka jikoni, mke anafuta mikono, watoto wamejazana mlangoni wakimchungulia mgeni. Niliuelewa wote mara moja. Sikuhitaji kuelezwa na mtu.

Tukapewa maziwa, tukanywa, maana kukataa si adabu. Mzee Bura alitusindikiza mpaka barabarani na kutupakia yeye mwenyewe kwenye gari la kurudi. Humo ndani ndipo nilipoanza kulia, kilio kikubwa cha kuishiwa pumzi, kamasi kwenye gauni la Iddi, wanawake wa mnadani wakiuliza mtoto amepatwa na nini.

“Mbwa wake amekufa,” Mama akawaambia, naye analia. Akanifunika khanga yake, akanibana kifuani. “Najua, mwanangu. Najua. Alikuwa mbwa mzuri.”

Aliniliwaza hivyo njia nzima mpaka Gitting, akimsifia Mgeni, na mimi nikamwachia aendelee kudhani kwamba nalilia mbwa tu.